Mizunguko Mitatu ya Waya

Tarehe 3 Machi

Mwanangu kipenzi, fundi wangu,

Marahaba, kabla hata hujaniamkia. Najua ungeanza na shikamoo, wewe nimekulea kwa mkono wangu. Mimi mzima, ila mgongo ndio unaonikumbusha kwamba sikuzaliwa jana. Kazi ipo. Nyumba moja ya wageni imetuletea magodoro yao yote, yamelala bapa kama karatasi, na wachambua pamba wangu wamekaa kibarazani tangu asubuhi, nywele nyeupe kama bibi zao.

Habari ya kuninunulia simu nyingine uiache. Ile ilitumbukia kwenye pipa la maji na sikuililia. Simu unaongea, ukimaliza imekwisha, nimebaki na nini cha kuwaonyesha watu? Barua naishika. Nikiifungua pale kibarazani kila mtu ananyamaza, na mama yako mdogo anasogea mpaka ananibana ubavu, utadhani maneno yatamrukia mdomoni. Unajua yeye shule hakuiona. Nafasi ilikuwa ya mtoto mmoja, nikaipata mimi, madarasa sita kamili. Tangu hapo macho yake ni mimi. Barua, risiti, karatasi za dawa, vyote nasoma mimi.

Juzi Mama Karani kapita na ndoo yake, yule ambaye mwanawe akipandishwa cheo benki basi mtaa mzima hatulali. Kaniuliza, "Mwanao bado anauza sigara huko?" Nikamjibu, "Mwanangu hauzi sigara. Mwanangu anasokota waya, anaita umeme, umeme unachemsha maji yanakuwa mvuke. Wako anahesabu noti ambazo si zake." Wachambuzi walicheka mpaka pamba ikaruka.

Sasa nisikilize. Baba yako mdogo, kinyozi wetu, anataka kuacha sigara. Si kwa ajili ya kifua, la, yeye kifua anasema ni cha chuma. Ni wateja. Anamshika mtu kidevu amnyoe, mtu anageuza uso kwa sababu vidole vinanuka tumbaku. Wawili wamehamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo amenunua kwa mchuuzi mmoja hiyo vepu, sigara ya mvuke kama mnazouza dukani kwenu. Ni bomba la shaba, zito kama nyundo, na kitufe chini. Waya wake ndani umeungua, mchuuzi kampa waya mwingine, mnene, na kupotea. Anakuambia hivi, neno kwa neno: "Shemeji, mwandikie huyo daktari wa mvuke anifundishe, nitoe moshi kama garimoshi nisinuke kitu."

Mfundishe, mwanangu. Andika vizuri, maana nitasoma mbele ya watu.

Mimi mama yako, mama wa Fundi.


Tarehe 14 Machi

Shikamoo mama,

Barua yako nimeisoma nikiwa nyuma ya kaunta, mteja akadhani nimechanganyikiwa kwa jinsi nilivyokuwa nacheka peke yangu. Nisalimie mama mdogo, na mumewe, baba mdogo, mwambie daktari amekubali kumpokea.

Kwanza kazi yenyewe. Ule waya tunauita koili. Achukue bisibisi nyembamba, auzungushe waya juu yake kama unavyozungusha uzi kwenye kibao, mizunguko ilale ubavu kwa ubavu bila kupandana. Akimaliza, miguu miwili ya koili aikaze kwenye skrubu mbili zilizo ndani ya kichwa cha bomba, akate ncha zinazobaki. Koili isiguse ukuta wa bomba popote. Halafu pamba. Hapa ninyi ndio walimu wangu. Apitishe pamba safi katikati ya koili, isibanwe sana wala isilegee, ailoweshe ile dawa ya mvuke mpaka ishibe. Pamba kavu ikipigwa umeme inaungua, na ladha yake hataisahau. Bosi wangu aliniuliza siku ya kwanza nimejifunza wapi kukata pamba hivi. Nikamwambia, kwa mama yangu, anajaza magodoro. Tangu siku hiyo wafanyakazi wapya nawafundisha mimi.

Mama, hapa ni karatasi nyingine. Hii ya pili uisome polepole.

Wiki mbili zilizopita mteja wetu mmoja aliungua paja. Alisokota koili mwenyewe, akatia betri kuukuu, akaweka mfukoni. Wakaguzi walikuja, wakafunga duka kwa muda, na mimi nilihojiwa kama mwizi kwa sababu waya nilimuuzia mimi. Tumefunguliwa tena, lakini lile paja silisahau. Kwa hiyo nakuandikia yale ambayo yeye sikumwambia.

Waya una ukinzani, ni jinsi unavyoubania umeme njia. Tunaupima kwa omu. Waya mrefu na mwembamba unabana sana. Mfupi na mnene unauachia umeme upite kama maji kwenye bomba lililopasuka. Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea: namba ndogo ya omu siyo upole, ndiyo ukali. Na mizunguko michache maana yake waya mfupi, namba ndogo, umeme mwingi kuliko betri inavyoweza kutoa. Bomba la baba mdogo halina ubongo ndani. Vifaa vingine vikiona hatari vinajizima, hilo lake litatii tu. Asishuke chini ya nusu omu, bora ikaribie omu moja kamili. Kwa ule waya mnene ni mizunguko minane au tisa. Na kabla ya kutia betri apime kwa mita. Fundi redio yeyote anayo, hawezi kumnyima.

Betri aitazame ngozi yake ya plastiki. Ikichubuka hata kidogo, asiitumie, chuma cha ndani kikigusa bomba inapiga shoti. Asiiweke mfukoni na funguo wala sarafu. Akiona bomba linapata moto mkononi, aachie kitufe, aliweke chini mbali na watu.

Kama mchuuzi hakumpa betri mpya, mwambie asubiri. Nikipata mshahara nitamtumia nzuri pamoja na kifaa chenye kujizima.

Mwanao.


Tarehe 22 Machi

Fundi wangu, mwalimu wa wafanyakazi,

Laiti ungekuwepo! Nilianza kusoma bado nimeshika mkasi wa magodoro. Nilipofika pale bosi anapokuuliza umejifunza wapi, nikasimama. Nikapasoma tena. Mama Karani alikuwa ameegemea nguzo, anajifanya anafunga kiatu, kumbe kavaa ndara. Nikasoma mara ya tatu kwa ajili ya hiyo ndara. "Wafanyakazi wapya nawafundisha mimi." Mchambuzi mmoja kapiga kigelegele. Mama yako mdogo machozi yalimlengalenga, akasema, "Huyu ni mtoto wetu sote." Nikamwachia, ingawa kuzaa nilizaa peke yangu.

Karatasi ya pili, mwanangu, sikuisoma pale. Jicho lilipogusa "wakaguzi" na "wakafunga duka" nikaikunja nikaitia kifuani. Hebu fikiria Mama Karani akisikia hayo! Kabla ya jua kuzama ungekuwa umefungwa jela mtaa mzima. Mambo ya duka lenu ni ya ndani. Niliitupia jicho baadaye nikiwa nimechoka, nikaona namba namba, nikasema hizi ni za mafundi wenyewe. Mama yako mdogo kaniuliza, "Dada, ndiyo yote?" Nikamwambia, "Ndiyo yote, mwanzo hadi mwisho."

Baba yako mdogo kakamata kazi papo hapo, juu ya meza yangu ya kushonea. Kaniuliza, "Shemeji, daktari kasema mizunguko mingapi?" Watu wote wananitazama. Ningesema sijui, mimi mama yako? Nikamwambia aanze na mitatu. Anayeanza anaanza kidogo, azoee, kisha aongeze. Hata godoro la mgonjwa silijazi pamba mpaka liwe gumu kama ubao. Kasema, "Huyu mama angekwenda shule zaidi angetutawala." Nikamwambia asiache kusema.

Betri imechubuka ngozi kidogo pembeni. Nikamwambia hata mimi nimechubuka na bado nafanya kazi. Tulicheka sana. Pamba nimempa ile bora, ya mito ya watoto.

Alipobonyeza, mvuke ulitoka jamani! Ulijaa kibaraza chote. Kanusa vidole vyake, kamnusisha mkewe, mkewe akasema havinuki kitu. Walikwenda nyumbani wameshikana mikono kama vijana. Nilijisikia kama nimewaozesha upya.

Tuma picha ukiwafundisha hao wapya. Uvae lile shati la mikono mirefu.

Mama wa Mwalimu.


Tarehe 29 Machi

Mama,

Nisamehe sikuamkii vizuri. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, mwambie yeyote atakayekuletea kwamba asante yake ipo.

Mizunguko mitatu ndiyo hatari yenyewe. Si kidogo, mama. Mitatu ya waya ule mnene ni karibu sawa na kuunganisha betri na msumari. Na betri imechubuka. Nenda sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma, umwambie baba mdogo atoe betri kwenye bomba. Ailaze peke yake mahali pasipo na kitu cha kuungua. Asibonyeze kitufe tena, hata mara moja, hata kwa kuonyesha watu.

Nimepiga simu ya mama mdogo tangu jana jioni. Inaita, haipokelewi. Nimepiga ya kinyozini, imezimwa. Labda wamelala mapema. Labda wako kazini. Mama, nenda tu.

Na uwasomee karatasi ya pili. Mama Karani aseme anavyotaka.

Mwanao.


Tarehe 6 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ya dereva ilifika, asante. Ilichelewa kidogo tu.

Hapa tunaendelea. Yale magodoro ya nyumba ya wageni tumeyamaliza na mwenyewe kasifu sana, kasema hajawahi kuona mishono kama hiyo. Mvua imenyesha, pamba ilipata unyevu, tumeianika tena.

Baba yako mdogo alipata ajali ya moto kule kinyozini. Ni mkono. Watu wa hospitali wanamshughulikia, wana dawa nzuri siku hizi. Wewe usijitie presha, fanya kazi yako. Moto ni moto, unaweza kumpata yeyote.

Mama yako mdogo usimwandikie kwa sasa. Ana mambo mengi, na kichwa chake hakijatulia. Nitakusalimia mimi.

Kama bosi wako atauliza habari za nyumbani, mwambie wote wazima.

Mama yako.


Tarehe 11 Aprili

Mwanangu, mtoto wa dada,

Hii anaandika muuguzi wa wodi ya wanaume, mimi nasema. Ni msichana mzuri, anaandika baada ya zamu yake. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe.

Baba yako mdogo ameungua. Lile bomba la mvuke lilipasuka mkononi mwake. Alikuwa na mteja kwenye kiti, akaenda mlangoni kuvuta kidogo. Kitufe kiligoma kurudi. Alisema "lina moto hili," akataka kulitupa barabarani, akaona watoto wa shule wanapita, akalishikilia. Likapasuka hapo. Mteja ndiye aliyezima moto kwa taulo, povu bado liko nusu uso.

Mkono ni wa kulia. Vidole viwili wamevikata. Kidole gumba kipo lakini daktari anasema hakitakunja. Mashine ya kunyolea haishikiki kwa mkono wa namna hiyo, wembe ndiyo kabisa. Kiti chake cha kinyozi amekuja kukiulizia yule wa ng'ambo ya barabara. Nimemwambia hakiuzwi. Lakini alivyoniuliza aliinamisha kichwa, kwa hiyo na yeye anajua.

Unamfahamu kwa mizaha. Jana kaniambia, "Sasa hakuna mteja atakayelalamika kuhusu hivi vidole." Kacheka mwenyewe. Mimi nilitoka nje.

Sasa swali langu, na ndilo lililonileta kwenye kalamu ya mtu. Hapa daktari alipoona mabaki ya ule waya alituuliza nani alitufundisha. Nikasema mtoto wetu, ni fundi. Akasema fundi yeyote anajua koili ya namna ile haitiwi kwenye bomba kama lile, na betri iliyochubuka haitumiki. Akasema ni jambo la kwanza wanaloambiwa.

Barua yako nilisomewa yote, mwanzo hadi mwisho, dada alisema hivyo. Haikuwa na neno hata moja la hatari. Nimekaa hapa kando ya kitanda nikiirudia kichwani, maana mimi nisiyesoma nashika kwa masikio, na masikio yangu hayapotezi kitu. Kulikuwa na bisibisi, uzi, skrubu, pamba, bosi wako. Hatari haikuwepo.

Ulijua, mwanangu? Na kama ulijua, tulikukosea nini hata usituambie?

Mama yako mdogo.


Tarehe 19 Aprili

Shikamoo mama mdogo,

Nilijua. Nilisahau kuandika.

Siku ile nilikuwa nyuma ya kaunta, wateja wananiita, nikaandika ya kujisifia kwanza nikakusudia ya hatari niandike mwisho. Nikafunga bahasha. Ni mimi. Mama alisoma kilichokuwepo. Asingeweza kusoma kisichoandikwa, na mizunguko alikisia kwa sababu mimi nilimwacha gizani.

Hamkunikosea kitu. Baba mdogo ndiye aliyeninyoa mara ya kwanza, nikalia, akanyoa na mwanasesere wa jirani ili nione wembe hauumi. Hata sasa nikifikiria mkono, nafikiria ule.

Kila mwisho wa mwezi nitatuma kitu. Msirudishe. Na kile kiti msikiuze bado, naomba.

Nichukie mimi, mama mdogo. Niko mbali, nitaweza kubeba.

Mwanao.


Tarehe 19 Aprili

Mama,

Katika bahasha hii kuna nyingine, ya mama mdogo. Nimeifunga. Atakuletea wewe uisome, maana macho yake ni wewe.

Ile aliyonitumia mimi alimwomba muuguzi wa wodini amwandikie. Sasa najua kilichotokea, chote. Sina haja ya kukuuliza kitu na wewe huna haja ya kunieleza.

Utakachokuta humo usome kama kilivyo. Najua kitakuchoma. Mimi nikidharauliwa na watu wa mtaani siwaoni, nalala na kuamka huku na watu wasionijua. Wewe unaamka nao. Yeye hana dada mwingine, na wewe huna mdogo mwingine. Baba mdogo atahitaji kuoshwa, kulishwa, kushikiwa vitu. Nani atamsaidia kama siyo wewe, na utaingiaje mlangoni kwake kama anajua?

Soma tu, mama. Ukifika mwisho, ukunje, umpe mkono.

Koili sijasokota tangu ile barua. Nimeomba nikae kwenye stoo, napanga maboksi.

Mwanao.


Tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Nimeipokea. Ya mama yako mdogo nilimpelekea mwenyewe hospitali, nikaiweka mapajani mwake nikaondoka haraka kama mtu aliyeiba. Nilidhani atamwomba muuguzi. Kesho yake kaja nayo kibarazani, haijafunguliwa. Akakaa palepale pake, akanibana ubavu. Nilisikia mifupa yake, amekonda. Akasema, "Nisomee, dada."

Wachambuzi walikuwepo wote. Mama Karani naye alikuwa kaleta mto wake ushonwe, na nitasema kweli, alikuwa kaja kwa wema, kaleta na matunda ya mgonjwa.

Nikafungua. Nikasoma: nilijua, nilisahau kuandika. Sauti yangu ilitoka vizuri, wala haikutetemeka, unajua mimi nasoma vizuri. Nilisoma la kaunta, la kujisifia, la bahasha. Nilipofika pale pa mwanasesere mama yako mdogo alishika kitambaa chake akajifunika uso. Nikasoma kwamba uchukiwe wewe, nikamaliza. Nikakunja.

Alijipangusa uso. Kisha kasema, "Basi. Ni mtoto. Mtoto anasahau. Nimemsamehe." Akaniegemea begani, mwanangu. Kichwa chake chote, kama tulipokuwa wadogo tunalala kitanda kimoja. Nilikuwa nimeshapona. Kama ulivyopanga wewe, kila kitu kilikaa.

Mchambuzi mmoja, yule wa kigelegele, akavuta pumzi akasema, "Kumbe alikuwa bado anajifunza tu." Mwingine kasema, "Na wanampa afundishe wenzake, makubwa." Mama Karani alinitazama kwa huruma. Ile huruma, mwanangu, ndiyo sikuiweza.

Sitakuficha. Sijui kama ni ukweli ulioninyanyua au ni kiburi changu kilekile. Nimekaa nikijichunguza na bado sijui. Nilijikuta nimesimama, nimeingia chumbani, nimetoa karatasi yako ya pili chini ya godoro langu. Nikarudi nikasimama mbele yao nikasema, "Mwanangu hakusahau." Nikaisoma. Wakaguzi nilisoma. Duka kufungwa nilisoma, na kuhojiwa kama mwizi. Namba ndogo siyo upole, ndiyo ukali. Mizunguko minane au tisa. Ngozi ya betri. Mahali ulipoandika akiona moto aachie, aliweke chini mbali na watu, hapo ndipo sauti ilinikatika, nikaanza upya, nikasoma mpaka ulipotia sahihi.

Mama yako mdogo kainua uso. Kaniuliza taratibu kabisa, "Karatasi hii ilikuwepo siku ile?"

Nikasema, "Ilikuwepo."

"Uliishika mkononi?"

"Niliishika."

"Nilikuuliza kama ndiyo yote."

"Uliniuliza."

Akataka kujua kwa nini. Nikatazama nguzo, na Mama Karani kaegemea pale pale, na mto wake. Nikasema, "Niliona aibu watu wasikie duka limefungwa." Ilivyotoka mdomoni ilikuwa ndogo mno, mwanangu. Kitu kidogo namna ile. Hata Mama Karani aliinamisha macho.

Mama yako mdogo alisimama. Akakung'uta pamba kwenye gauni lake, polepole, nyuma na mbele, mpaka hakikubaki kipande. Kasema, "Miaka yote hii nilidhani nasoma." Akachukua barua yako, na ile karatasi ya pili akaichukua pia kutoka mkononi mwangu, akaenda.

Nimekwenda kwake tangu hapo. Mgonjwa karudi nyumbani. Yeye ananipokea, kinyozi, anasema, "Ingia shemeji, kaa," na anaficha mkono chini ya shuka nisiuone. Sijui kama ananihurumia au hataki kunipa hata haki ya kuuona. Mdogo wangu haniambii ondoka. Anazunguka kazi zake, ananipita kama unavyopita kiti. Nafua shuka, nachota maji, narudi. Hanizuii, hanishukuru. Juzi walileta karatasi ya dawa kutoka hospitali. Nilikuwa nimekaa pale, mkono nimeshanyoosha. Akaikunja, akavaa viatu, akaenda nayo hadi wodini kwa yule muuguzi asomewe, na jua lilivyokuwa kali. Mimi nimebaki nimenyoosha mkono, na kinyozi anatazama dari.

Rudi kwenye kaunta, mwanangu. Usikae na maboksi. Wewe uliandika kila kitu kilichopaswa kuandikwa, na sasa mtaa wote unajua hivyo. Angalau hilo nimekurudishia, ingawa nimelilipia kwa kitu ambacho hakikuwa changu peke yangu.

Ukitaka kumwandikia mama yako mdogo, na umwandikie, usipitishe tena kwangu. Tuma kwa muuguzi wa wodi ya wanaume, zamu ya asubuhi, uandike juu ya bahasha kwamba ni ya mke wa kinyozi. Ni msichana mwangalifu. Nimemuuliza, anasema atamsomea yote.

Mama yako.